Laina za fenda kwa pikapu: nimetembea nazo msimu mzima wa mvua, maoni yangu haya hapa

Nina Hilux dabo kebini. Mbele ilikuja na laina, zile plastiki nyeusi za ndani ya fenda, ila nyuma hakuna kitu, ukiinama unaona bati tupu. Ungekuwa mtu wa Area D mpaka Kizota tu hapa Dodoma mjini ningekwambia tunza hela yako, lami tupu hiyo. Mimi nafuata mpunga Bahi, na ukishaiacha lami ya kwenda Singida ukaingia mashambani, kiangazi ni kokoto, mvua zikianza Desemba ni ule udongo mweusi wa mbuga, unanata kwenye tairi mpaka gari linakuwa zito.

Kilichonishtua ni fundi rangi. Aliniinamisha akanionesha ule mkunjo wa bati juu ya tairi la nyuma, rangi imedonolewa na kokoto vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kina duara lake la kutu. Nikapitisha kidole kikatoka na unga mwekundu. Na gari zetu hizi za mtumba kutoka Japani, kule kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, kwa hiyo nyingine zinafika na kutu tayari, angalieni sana kabla ya kununua.

Basi nikachukua pea ya nyuma, laki mbili na themanini pamoja na kufunga. Gereji ya kwanza jamaa kashika drili anatoboa bati apige skrubu, tundu hata rangi halipaki! Nilimsimamisha kwenye tundu la tatu nikaondoka na gari langu, maana ukitoboa bati ukaliacha wazi unaanzisha kutu mpya palepale unapokimbia ya zamani. Fundi wa pili nampa maua yake, alisugua kutu yote kwa brashi ya waya, akapaka praima, juu yake ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu, ikalala mpaka kesho yake ndo akafunga kwa klipsi na matundu yaliyokuwepo, na yale matatu ya mwenzake akayaziba.

Kiukweli nimeridhika. Kokoto zikipiga sasa ni mlio mzito wa plastiki, sio tena ile ta-ta-ta ya bati iliyokuwa inamwamsha mtoto siti ya nyuma. Mwezi wa nne nilizifungua kuangalia, bati kavu, dawa iko vilevile.

Ila kuna kitu hawakuambii dukani. Zinatunza tope. Nilipofungua, kwenye kona ya chini nyuma ya laina nilikuta bonge la udongo mweusi limechanganyika na mabua ya mpunga, juu limekauka ndani bado bichi, na tope bichi likikaa kwenye bati wiki nzima hiyo kutu inarudi vizuri tu. Kwa hiyo kila nikitoka Bahi naingiza mpira wa maji wa presha kwa chini mpaka maji yatoke meupe, na klipsi mbili zilishakatika, nunua za akiba.

Na kama umeweka tairi kubwa kuliko za kampuni pima kwanza gari likiwa na mzigo, springi zikilala tairi linasogea juu linakula plastiki. Za mbele kata usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uone kama haigusi, ndo umlipe fundi.