Nota za matarumbeta: spairo nimeachana nayo, sasa tunashona kwa uzi

Napiga tarumbeta katika kikundi cha usharika wetu hapa Moshi, na kabati la nota liko mikononi mwangu. Kikundi cha matarumbeta hakikai ndani. Jumapili ibada, katikati ya wiki maziko huko kihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, upepo kwenye migomba na vumbi hadi ndani ya vali. Karatasi za A4 zilizopigwa stepla pembeni hazifiki mbali kwa maisha hayo.

Tulianza na baindingi ya spairo ya plastiki, ile ya meno, kwenye duka moja la steshenari mjini. Sifa yake naikubali: kitabu kinafunguka na kulala bapa kwenye stendi ya nota. Lakini ndani ya begi, huku kimelaliwa na trombo, meno yanafumuka, matundu yanachanika na ukurasa unakwama katikati ya kugeuza. Mpigaji mikono yake yote iko kwenye chombo; pumziko la mita mbili, yaani vipimo viwili vya muziki, ndiyo nafasi pekee anayopata. Baindingi ya gundi ya moto ndiyo usiiguse kabisa. Inafaa risechi za chuo zinazokwenda kukaa kwenye rafu. Ukiiweka kwenye stendi inajifunga yenyewe, na ukiilazimisha mgongo unapasuka.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee anayekarabati Biblia na tenzi. Nilimpelekea mafungu ya sauti zote, soprano hadi besi. Akayapekua, akanirudishia. "Mwalimu, hizi ni moja moja, sizishoni. Niletee A3."

Maana yake ni hii: karatasi moja ya A3 ikikunjwa inakupa kurasa nne za A4, kwa hiyo kijitabu kinakwenda kwa nne nne. Cha kurasa 16 ni karatasi nne tu, na ile ya nje inabeba ukurasa wa 1 na wa 16 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Usipange kwa kichwa. Programu ya PDF ina mpangilio wa kijitabu. Wimbo wa kurasa mbili uanzie namba shufwa, kushoto, ili wote uonekane bila kugeuza. Chapa kwa leza, kwa sababu wino wa printa ya kawaida ukinyeshewa unachuruzika. Karatasi ya gramu 100 ni bora kuliko 80, nota za nyuma hazionekani sana.

Fundi anakunja, anatoboa mkunjo matundu matano kwa msharasi, anashona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Kava ni manila ngumu, mgongoni utepe wa kitambaa, kisha anakata ukingo wa mbele, maana karatasi za ndani husogea nje kidogo. Hiyo nayo uikumbuke unapopanga: acha nafasi pembeni, usije ukakatiwa mita ya mwisho ya wimbo.

Vitabu vya maziko ndivyo vinavyoteswa kuliko vyote na bado vimeshikana. Vinalala wazi, vibanio viwili vya nguo vinatosha kuzuia upepo. Ubaya upo: bei ni kubwa kuliko spairo, fundi ni mmoja na hakimbizwi, na kilichoshonwa huwezi kukiongezea wimbo. Kwa hilo la mwisho nilimwomba agandishe mfuko wa manila ndani ya kava la nyuma, nyimbo mpya zikae humo hadi toleo lijalo.

Kitabu cha mwongozaji, chenye sauti zote, bado nakipeleka spairo. Ni kinene mno kukunjwa mara moja, na kinakaa mezani kwake, hakisafiri kwenye begi la trombo. Ila naomba ile ya waya wa kuzunguka, si ya meno.