Klabu ya kijijini: iungane na jirani au ibaki peke yake?

Magharibi mwa Ireland vijana wengi wa vijijini wamehamia Dublin au ng'ambo, na mpira wa Kigaeli, unaochezwa kwa mikono na miguu, unataka wachezaji 15 kila upande.

Klabu ikiungana na ya parokia jirani, kikosi kinatimia. Ila jezi inabadilika, na hasimu wa tangu enzi za babu ndiye sasa anakupa pasi. Si mchezo!

Ikibaki peke yake, jina linabaki. Lakini baba wa miaka 40 aliyekata nyasi asubuhi ndiye anayeingia golini jioni, bila mshahara: GAA, chama kinachosimamia mchezo huu, kilichoanzishwa 1884, ni cha ridhaa.

Mimi ningeunganisha timu za watoto tu. Ya wakubwa ibaki, hata ikishuka daraja.