Uzoefu wangu: mazoezi ya mkono baada ya kushonwa kano, Kigoma

Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Nikiwa napasua migebuka ya chakula cha jioni, kisu kiliteleza kikanichana kiganjani, pale kwenye mstari ulio chini ya kidole cha kati na cha pete. Zahanati niliyokimbilia walishona ngozi wakaniruhusu. Vidole viwili vikabaki vimenyooka, havikunji hata kidogo. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeniambia nikunje kidole kimoja kimoja kabla ya kushonwa, kipimo cha dakika moja kisichohitaji mashine. Hospitali niliyopewa rufaa ndiyo iliyogundua kuwa kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, zimekatika, ikanifanyia upasuaji na kuziunga.

Upasuaji ulikwenda salama, sina la kuongeza. Ninayetaka kumsifu ni mtaalamu wa fiziotherapia, maana bila yeye ule mshono usingenifaa kitu.

Nyumbani kila mtu alisema mkono usiguswe mpaka upone. Yeye alianza kunikunja vidole wiki ile ile ya kwanza. Alinieleza kwamba kano ya kukunja kidole hupita ndani ya ala nyembamba. Isiposogea kabisa, kovu huigandisha kwenye ala na kidole hakikunji tena. Ikivutwa kwa nguvu, mshono hukatika. Ndiyo maana plasta ngumu, kama ya aliyevunjika, ilikaa upande wa mgongo wa kiganja, kifundo cha mkono kimeinamishwa na vidole vimekunjwa shinani, kano isikazwe. Kisha mkono mwingine usioumia ndio unaovikunja vidole vilivyoumia, taratibu, na kuviachia. "Mama, kidole chako kilale kabisa, kisinisaidie," alikuwa akiniambia, na kila nilipojikaza alisimama akasubiri mpaka nilegee.

Nilimuuliza kama mwendo mdogo vile una maana yoyote. Akanijibu kuwa mwaka 1975 Duran na Houser, wa Marekani, walieleza kwamba kano ikisogea milimita 3 hadi 5 tu inatosha kuzuia kugandamana. Akaniambia pia kwamba zamani madaktari wengi waliogopa kuunga kano za sehemu hii moja kwa moja. Walisubiri jeraha lipone, kisha wakapandikiza kano kutoka kwingine. Mwaka 1967 Kleinert na wenzake wa Louisville walitoa matokeo mazuri ya kuunga mapema na kuanza kuvisogeza vidole, mpira ukivivuta. Kujua hayo kulinipa moyo wa kuvumilia, kwa kuwa mazoezi haya yanachosha kuliko yanavyouma.

Plasta ilipotolewa tulianza kukunja kwa nguvu yangu mwenyewe, na kusugua kovu kwa mafuta. Nilitumia ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yanalainisha vizuri. Kubeba ndoo na kushika mkasi mzito wa kitambaa kulikatazwa mpaka wiki ya 12 ipite. Kwa fundi mwenye oda za watu, hapo ndipo pagumu.

Kasoro zipo. Mtaalamu ni mmoja na wagonjwa ni wengi, wakiwemo wa kiharusi na watoto wa miguu kifundo (iliyopinda tangu kuzaliwa), kwa hiyo unaweza kukaa benchi asubuhi nzima. Hakuna karatasi ya maelekezo ya kwenda nayo nyumbani. Nilimwomba nimrekodi kwa simu akinionyesha, akakubali bila shida, na binti yangu alikuwa akinisimamia kwa ile video.

Leo kidole cha kati kinagusa kiganja. Cha pete hakifiki kabisa, kinabakiza nafasi ndogo, lakini natunga uzi, nashika pini, nakata vitenge.

Huduma hii naipendekeza kwa yeyote aliyejikata mkononi, awe wa Ujiji, Kibirizi au vijijini kwenye mashine za mawese. Ukiungwa kano, kabla hujaondoka wodini uliza mazoezi yanaanza lini na nani atakufanyisha. Siku ya miadi wahi mapema, na simu iwe na chaji.