Uzoefu wangu na Epson L3250: wino unaishia wapi na unaokoaje

Natumia Epson L3250, printa ya tangi ambayo wino wake humiminwa kutoka kwenye chupa, nyumbani kwa kazi za kawaida: mazoezi ya watoto wa shule, barua, fomu, nakala za vyeti na picha mojamoja. Kabla yake nilitumia printa ya katriji na kujaza wino kwa sindano. Naandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama aendelee na katriji au ahamie kwenye printa ya tangi.

Usianze na bei ya printa. Chukua bei ya wino dukani, uigawe kwa idadi ya kurasa anazotaja mtengenezaji. Katriji nyeusi ya Canon PG-445 ina mililita 8 na hutajwa kutoa kurasa 180. Ile ya XL ina mililita 15, kurasa 400. Gamba ni lilelile, kilichoongezeka ni wino, kwa hiyo anayebaki na katriji anunue XL. Sasa linganisha na chupa nyeusi ya Epson 103, ndiyo inayoingia kwenye L3250: mililita 65, kurasa 4,500. Kwa hesabu ya kurasa, chupa moja inasimama badala ya katriji ndogo 25. Chupa 3 za rangi kwa pamoja hutajwa kutoa kurasa 7,500.

Idadi hizo hupatikana kwa kuchapa mfululizo, jambo ambalo nyumbani halipo. Kila printa inapojisafisha kichwa, yaani sehemu yenye vitundu vinavyorusha wino kwenye karatasi, inakula wino bila kukupa hata ukurasa mmoja. Chupa za kwanza nazo hutoa pungufu, kwa sababu sehemu ya wino wake inajaza vimpira vinavyoupeleka kwenye kichwa. Ujazaji huo wa mwanzo huchukua kama dakika 10. Usizime printa katikati, na usibinye chupa ili wino ushuke haraka.

L3250 haina kifaa ndani ya tangi cha kupima wino uliobaki. Kiwango unachokiona kwenye kompyuta ni makisio tu, kipimo cha kweli ni macho yako. Wino ukikaribia mstari wa chini, jaza siku hiyohiyo. Ukiendelea kuchapa chini ya hapo, hewa inaingia kwenye vimpira, na kichwa cha printa hii ni cha kudumu. Kwenye katriji nilizozitaja kichwa kimo ndani ya katriji, kikifa unanunua nyingine. Huku kikifa, bei yake inaweza kukufanya uiache printa nzima.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni wino wenyewe. Rangi zote 4 ni za kuyeyuka, yaani rangi imeyeyuka ndani ya maji ya wino, mweusi ukiwemo. Chukua barua iliyochapwa, upitishe kidole chenye maji juu ya mstari: herufi zinavimba, kisha zinatawanyika kama chai iliyomwagika. Kwa mazoezi ya shule haidhuru. Kwa barua za ofisi zinazopita mikono mingi, natamani mweusi wa pigimenti, wenye chembe zinazoshika juu ya karatasi. Canon GI-490 nyeusi ni ya namna hiyo: mililita 135, kurasa 6,000. Ila usijaribu kumimina wino wa pigimenti kwenye tangi lililotengenezewa wino wa kuyeyuka. Vitundu vitaziba, nawe utatumia wino mwingi kuvizibua kuliko ule uliotaka kuokoa. Ukinunua wino mbadala wa bei nafuu, soma kwanza kwenye chupa umeandikwa ni wa aina gani. Kama hakuna maelezo, uache hapohapo dukani.

Tuje kwenye kuziba. Chapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna kazi. Mistari myeupe ikitokea, usikimbilie kusafisha. Chapa kwanza ukurasa wa kukagua vitundu kupitia kompyuta au simu, uone rangi ipi imekatika. Kisha safisha mara moja tu: shikilia kitufe cha kusitisha kwa sekunde 5 hadi taa ya kuwashia ianze kumetameta. Kagua tena. Ukirudia mara 3 bila nafuu, zima printa uiache saa 12 zisizopungua, ndipo ujaribu tena. Kusubiri huko kunasaidia kweli, maana povu la hewa hupata muda wa kupanda na wino uliokauka hupata muda wa kulainika. Watu wengi husafisha mara 8 mfululizo, tangi likashuka wanaliona, na mistari iko palepale. Ule usafishaji mkubwa ulio kwenye programu ni wa mwisho kabisa, na unataka kila tangi liwe na wino usiopungua theluthi moja.

Izime printa kwa kitufe chake, usiizime ukutani. Ukibonyeza kitufe, kichwa hurudi pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira kisikauke. Ukichomoa waya, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi popote kilipokuwa. Umeme ukirudi, washa printa, ingoje itulie, uizime vizuri, hata kama huna cha kuchapa.

Nyumbani kwangu kinachokula wino kuliko vyote ni picha za nyaraka zilizopigwa kwa simu. Mtu anapiga picha cheti mezani, anakituma WhatsApp, anakichapa hivyohivyo. Macho yanaona karatasi nyeupe, printa inaona kijivu ukurasa mzima, na kivuli cha mkono kwenye kona. Inajaza kijivu chote hicho kwa wino, mara nyingi kwa kuchanganya rangi 3 ambazo hukuzihitaji. Karatasi inatoka imelowa na kujikunja. Pitisha picha kwanza kwenye programu ya simu ya kuskani, kata kingo za meza, chagua nyeusi na nyeupe mpaka mandhari iwe nyeupe kabisa. Bora zaidi, weka cheti chenyewe kwenye kioo cha printa ubonyeze kitufe cha kopi nyeusi, si cha kopi ya rangi kilicho jirani yake.

Kwa kazi za kusoma na kutupa weka ubora wa drafti na uchague kuchapa bila rangi. Angalia pia aina ya karatasi iliyowekwa kwenye mpangilio. Ikibaki ile ya picha, printa inaweza kuutengeneza mweusi kwa rangi. Kuhusu aina ya herufi, mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Wisconsin-Green Bay huko Marekani kilihamia Century Gothic badala ya Arial ili kupunguza wino. Mistari yake ni myembamba, sawa, lakini herufi ni pana, na barua ya kurasa 2 inaweza kumwagikia ya 3. Mimi nabaki na Times New Roman.

Kama unabaki na katriji zenye kichwa ndani na unataka kujaza, jaza kabla haijakauka. Vitundu vyake huchemsha wino ili kuurusha, na wino huohuo ndio unaovipoza. Ukichapa vikiwa vikavu, vinaungua na havirudi. Laza katriji juu ya tishu yenye unyevu, bandua lebo, ingiza sindano ndani ya sponji, sukuma mililita 1 kwa wakati. Kwenye ile ya mililita 8 mimi huishia 5 au 6. Wino ukichungulia juu ya tundu, vuta nusu mililita irudi. Kwa ya rangi, choma kijiti cha meno kwenye kila tundu kwanza ujue rangi gani iko wapi, na kila rangi iwe na sindano yake. Funika matundu kwa lebo bila kuyaziba kabisa, maana hewa isipoingia wino hautashuka. Printa itaendelea kudai wino umekwisha. Kwenye printa nyingi za Canon PIXMA, shikilia kitufe cha kusitisha sekunde 5 au zaidi, itaacha kuhesabu.

Anayechapa kurasa 10 kwa mwezi asinunue L3250. Aende stesheneri na flashi yake, kwani wino utaishia kwenye kusafisha kichwa. Kuanzia kurasa 100 kwa mwezi ningeinunua bila kusita. Ila wino wote wa kusafisha huingia kwenye sponji iliyo ndani ya printa, na kihesabu chake kikijaa, printa hugoma kuchapa. Fundi akikuambia atarudisha kihesabu kwa programu tu, mwambie abadilishe na sponji, la sivyo wino utavujia mezani.