Nta ya Kupaka Nyumbani: Inalifaa Begi la Baiskeli, Hailifai Koti

Anayekwenda kazini kwa baiskeli hupigwa na maji kutoka pande mbili: yale yanayonyesha kutoka juu, na yale yanayorushwa na magurudumu kutoka barabarani, ambayo huja kwa nguvu zaidi tena yakiwa na tope. Kinga yoyote ya kujitengenezea ipimwe kwa hayo ya pili, kwa kuwa begi lililofungwa kwenye keria isiyo na madigadi hupigwa mahali pale pale safari nzima. Kwa kipimo hicho, mchanganyiko wa nta ya nyuki na parafini ya mishumaa, ambao nimeupaka kwenye begi la turubai la pamba na kwenye koti la pamba, umefaulu upande mmoja tu.

Utengenezaji wake hauna ugumu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo inatosha kuweka kopo lenye nta ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kuiyeyusha moja kwa moja juu ya moto ni kujitafutia ajali, kwani mvuke wake huwaka. Parafini huongezwa ili kupunguza mnato, maana nta ya nyuki peke yake hunata mikononi na kukusanya vumbi. Mchanganyiko ukipoa hugandishwa kuwa kipande kama sabuni ya mche, kisha husuguliwa kwenye kitambaa kilichooshwa na kukauka kabisa. Kazi hasa huanza hapo: kwa kikaushia nywele, nta hupashwa moto hadi weupe wake utoweke na turubai ligeuke rangi kuwa nyeusi kidogo, dalili kwamba imezama ndani ya nyuzi. Sehemu iliyobaki na weupe haijashika, na itabanduka kwenye mkunjo wa kwanza.

Begi lililotiwa nta namna hiyo ni zuri kuliko nilivyotarajia. Maji hujikusanya matone na kuteremka, na tope likikauka hufutika kwa kitambaa chenye maji baridi. Udhaifu wake uko kwenye mishono, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Hapo nta ipakwe mara mbili, nje na ndani. Zipu haiokolewi na nta hata kidogo, na begi lenye mfuniko mrefu unaoifunika hulindwa vizuri zaidi.

Koti ni habari nyingine. Nta huziba matundu ambayo jasho lingepitia, na mpanda baiskeli anayepandisha mlima hutoa jasho jingi, hata akafika amelowa kutoka ndani. Wakati wa baridi kitambaa hukakamaa kwenye viwiko, na ukanda wa kuakisi mwanga ukiguswa na nta hufifia, jambo la hatari usiku. Kwa mwili, koti la mvua la kawaida lenye matundu ya hewa kwapani linafaa zaidi.

Vitu vya nailoni, kama kifuniko cha kofia, vinahitaji njia nyingine, kwani nta hubaki juu ya nyuzi zake laini bila kuzama. Gundi ya silikoni iliyozimuliwa kwa spiriti ya kupunguzia rangi ya mafuta hushika vyema, ingawa aina nyingi hutoa harufu kali ya siki zinapokauka na mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Ipakwe nje, penye upepo.

Iwe nta au silikoni, begi livuliwe kwenye baiskeli kabla ya kupaka, kwa sababu tone likifika kwenye rimu au sahani ya breki hupunguza ushikaji. Baada ya hapo begi halitiwi kwenye mashine ya kufulia wala sabuni ya unga, na pembe zinazosuguana na keria, ambako nta huisha mapema, hupakwa upya pindi maji yanapoacha kujikusanya matone.