Kabla Hujanunua Muvi ya Zamani, Angalia Umbo la Picha

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia kwa hasira. Kamnunulia mama yake Mughal-e-Azam, mama kaitazama kidogo tu kisha akauliza, "Huyu Madhubala mbona kanenepa hivi?" Hajanenepa. Muvi hiyo ya Kihindi ya 1960 ilipigwa kwa picha fupi inayokaribia mraba, muuzaji kaivuta ijae kwenye runinga pana, na kila aliyemo kaongezeka upana kwa theluthi moja. Mama hataki tena kuiona, na dada anadai hela yake hairudishwi. Barua za namna hii ninazo nyingi.

Kwa hiyo leo siwaambii ipi ina hadithi tamu wala steringi gani anapigana vizuri. Hayo mnayajua kuliko mimi. Naangalia jambo moja tu: picha imekaa kama ilivyopigwa, imevutwa, au imekatwa?

Kabla ya 1953 karibu muvi zote zilikuwa na upana wa 1.37 kwa kimo cha 1. Mwaka huo Hollywood ikaleta CinemaScope ili kushindana na runinga, picha zikatanuka hadi 2.35 na zaidi. India iliendelea na picha fupi kwa miaka mingi baadaye. Runinga zetu za leo ni 1.78, yaani katikati. Muvi ya zamani ikikaa sawasawa lazima iache weusi, pembeni kwa zile fupi, juu na chini kwa zile pana. Watu wanauchukia weusi huo, basi wauzaji wanauondoa. Muvi ya 2.35 ikijazwa kwa nguvu kwenye runinga, karibu robo ya picha imekwenda.

Nimezipanga njia za kupata muvi yenye umbo lake. Namba moja kwangu ni diski ya Blu-ray, hasa ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa muvi kwa diski. Nina upendeleo na sitaki ushauri. Hawa tangu enzi za laserdisc, zile diski kubwa za video za miaka ya 1980, walikuwa wanaacha weusi wao pale wengine walipokuwa wanakata, na umbo la picha wanaliandika kwenye kasha. Anza na Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954. Ni karibu saa tatu na nusu, picha yake ni ile fupi, na vita ya mwisho kwenye mvua na matope inabana mpaka unajikunyata kwenye kochi. Ila angalieni kanda, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa kuchezwa: diski za Criterion za Marekani kwa kawaida ni kanda A, sisi Afrika tuko kanda B pamoja na Ulaya, na deki nyingi zitaikataa. Agiza toleo la Uingereza, ambalo kwa Seven Samurai ni la BFI, taasisi ya filamu ya huko, nao hawakati. Diski za 4K, zile zenye nukta nyingi zaidi, hazina kanda, lakini zinataka deki yake. Bei? Ukijumlisha na nauli ya kuituma, inauma.

Namba mbili ni ukumbi wa sinema. Ningeuweka wa kwanza kama kumbi zetu zingekuwa zinakumbuka kwamba kulikuwa na muvi kabla ya mwaka jana. Lawrence of Arabia ya 1962 ilipigwa kwa filamu pana ya milimita 65 na kuonyeshwa kwa nakala za milimita 70. Omar Sharif anatokea mbali jangwani, nukta nyeusi inayotetemeka kwenye mazigazi, halafu nukta inakuwa mtu juu ya ngamia. Kwenye simu hiyo nukta huioni kabisa. Ya pili ni Sholay. Nakala iliyosafishwa ilionyeshwa Bologna, Italia, Juni 2025, ikiwa na umbo lake pana na mwisho wake wa asili: Thakur anamuua jambazi Gabbar. Mwaka 1975 wakaguzi wa India walilazimisha polisi waingilie, na ndio mwisho tuliokua nao. (Kama hukujua, pole, miaka hamsini inatosha.) Ikifika mji wako, nenda.

Namba tatu, chaneli za YouTube za wamiliki wenyewe, mfano Shemaroo na Rajshri. Unalipa bando tu. Muvi ile ile huwa imepandishwa mara kadhaa kwa maumbo tofauti, kwa hiyo usikimbilie ya kwanza.

King'amuzi ni cha nne. Hapo kosa mara nyingi liko sebuleni: umbo la picha hupangwa sehemu mbili, kwenye menyu ya king'amuzi na kwenye menyu ya runinga. Moja ikivuta, picha inaharibika hata kama nyingine iko sawa. Zima kuvuta kote kuwili.

Flashi za jero jero? Pima kwa Casablanca ya 1942. Baada ya majina ya mwanzo kuna tufe la dunia linazunguka. Likiwa yai, rudisha.

Na hii habari ya kubandika "HD" kwenye kila kitu inanichosha. HD ni wingi wa nukta, haikuambii chochote kuhusu picha iliyokatwa. Kariakoo kuna muuzaji alinionyesha The Good, the Bad and the Ugly, stika ya HD inang'aa, bei juu. Nikamwambia peleka mwishoni, pale wanaume watatu wanapotazamana makaburini, kila mmoja mkono karibu na bastola. Wawili wapo. Wa tatu kabaki bega.

"Dada, si hadithi ipo?" akaniambia.

Nikamuuliza kama anayo nyingine, yenye weusi juu na chini. Akasema zikija hivyo anazirekebisha kwanza, maana wateja wakiona weusi wanarudi kumwambia amewaharibia runinga.