Dawa ya maumivu ipi inunuliwe kwanza Lamu

Mteja anayeingia duka la dawa la Langoni na kuomba dawa "kali" ya maumivu ametanguliza lisilotangulia, kwa kuwa la kwanza kuulizwa ni maumivu yametoka wapi na mwili wenyewe una maradhi gani.

Nafasi ya kwanza naipa parasetamoli bila kusita. Hufanya kazi zaidi katika ubongo na uti wa mgongo, hushusha homa, haichokozi tumbo, na huku pwani ina sifa nyingine: homa ya viungo inapozuka, kama chikungunya ilivyoiandama Lamu mwaka 2004, mgonjwa hawezi kujua bila vipimo kama si homa ya dengi, ambayo ndani yake aspirini na ibuprofeni huweza kuzidisha kutokwa na damu. (Malaria ipimwe vilevile, kwani parasetamoli haiui vimelea.) Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na asome pakiti za dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli, na anayejumlisha bila kujua huliumiza ini.

Kwa goti au kiwiko kilichotonesheka, ya pili ni jeli ya diklofenaki, ambayo hupakwa panapouma na kuingia damuni kidogo tu.

Ibuprofeni ni ya tatu, ijapokuwa kwa jino na maumivu ya hedhi huishinda parasetamoli. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Lakini kemikali hizo hizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo, hivyo mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiinunue kabla ya kumwuliza mfamasia. Huliwa baada ya chakula. Mwezi wa Ramadhani, baada ya futari.

Aspirini naiweka mwisho. Hupunguza uwezo wa damu kuganda kwa siku kadhaa baada ya kidonge kimoja, na chini ya miaka 16 haitolewi ila kwa amri ya daktari. Vidonge vya diklofenaki na vya tramadoli, dawa kali ya jamii ya afyuni, sivipangi kabisa: cha kwanza kina hatari kwa moyo, cha pili huzoesha mwili hadi kuutia uraibu, na vyote vyataka cheti cha daktari.

Iwayo yote, nunua karatasi ya vidonge iliyofungwa yenye tarehe ya kuisha, si vidonge vya kuhesabiwa kutoka koponi, kwa sababu unyevu huharibu dawa. Aspirini inayonuka siki imekwisha kuvunjika, irudishe dukani.